Wasomaji Wauliza: Rameswaram, Mji wa Visima 22

Barua za safari hii nyingi zinahusu mji mmoja: Rameswaram, ulioko kwenye kisiwa cha Pamban, jimbo la Tamil Nadu, kusini mashariki mwa India, ukitazamana na Sri Lanka. Ni mji wa hija wa Wahindu, ambao huoga maji ya visima 22 vya hekalu lake. Tumechagua nane. Zilizofanana tumezijibu kwa pamoja.

Mama yangu ana miaka 68 na ametia nia ya kuoga visima vyote 22 vya Rameswaram. Mimi ndiye nitakayemsindikiza. Tuanzie wapi, tubebe nini, na tujihadhari na nini?
*Msomaji, Mombasa*

Anzeni baharini. Ukitoka lango la mashariki la hekalu la Ramanathaswamy, mwendo mfupi tu kwa mguu unafika ufuo uitwao Agni Theertham, na hapo ndipo hujaji anapozamisha mwili kwanza. Maji ni ya kina kifupi na yametulia, kwa kuwa upande huo kisiwa kinaelekea ghuba ya Palk isiyo na mawimbi makubwa, hivyo mama anaweza kuingia hadi kiunoni akiwa amekushika mkono. Asiache nguo zake kuukuu majini kama wafanyavyo baadhi ya watu. Nguo hizo huwazonga miguuni wanaofuata, na mzee akianguka kwenye maji ya kiunoni si jambo dogo.

Kutoka hapo mnakwenda hekaluni vivyo hivyo, na nguo zenu mbichi, mnakata tiketi ya visima na kufuata nambari. Kila kisima kina jina lake: cha kwanza ni Mahalakshmi, kisha Savitri, Gayatri na Saraswati, mbele mtakutana na Nala na Nila, halafu Surya na Chandra, halafu Ganga, Yamuna na Gaya, cha 22 ni Kodi Theertham. Vimetawanyika ndani ya kuta za hekalu, na mtavuka korido mara kadhaa kabla ya kuvimaliza.

Kwenye kisima husimama mtu juu ya ukingo, miguu imetanuka, mkononi ana ndoo ndogo ya chuma iliyofungwa kamba. Anaitumbukiza, anaivuta kwa mivuto michache ya haraka, na kumwaga yote kwa mkupuo mmoja juu ya vichwa vilivyo mbele yake. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza nafasi: kundi likiwa la watu kumi na mama yuko nyuma, ataambulia matone. Msogezeni mbele, ainamishe kichwa, apokee, kisha mwondoke mara moja kwa sababu ndoo inayofuata ni ya kundi lingine. Wapo vijana watakaojitolea kuwaongoza na kuwapatia ndoo yenu peke yenu. Si vibaya, ila malipo myakubaliane kabla ya kisima cha kwanza, na mseme wazi kwamba ni kwa visima vyote na kwa watu wote mlioko.

Hatari kubwa kuliko zote ni sakafu. Ni mawe yaliyolainishwa na nyayo za karne nyingi, yamelowa kutwa nzima, na viatu haviruhusiwi. Mama atembee kando ya ukuta au nguzo, hatua fupi, na kitambaa cha sari kikunjwe kisikokote chini. Hatari ya pili ni baridi. Kisima kimoja hakina neno, lakini ukiloweshwa mara 22 huku ukipita kwenye korido yenye upepo, mwili hutetemeka hata Tamil Nadu. Kama ana shinikizo la damu au kisukari, amuulize daktari wake kabla ya safari, na dawa za asubuhi asiziache eti kwa sababu ya ibada. Akichoka katikati, kunyunyiziwa maji kichwani kunakubalika kwa mzee na mgonjwa.

Halafu kuna kosa la mwisho, la watu waliojitahidi kufanya kila kitu sawasawa. Wakimaliza Kodi Theertham wanakwenda moja kwa moja kwenye foleni ya patakatifu, wanarudishwa. Huruhusiwi kuingia mbele ya linga, nguzo takatifu inayomwakilisha mungu Shiva, na nguo mbichi. Mnatoka, mnabadilisha, mnajikausha, ndipo mnarudi.

Kwa hiyo beba nguo za kuogea za pamba, nzito kidogo na za rangi iliyokolea, maana nyeupe nyepesi ikilowa inamwaibisha mtu, nguo kavu kamili ndani ya mfuko usiopitisha maji, taulo, na mtu mmoja asiyeoga wa kukaa na mizigo. Simu iacheni hotelini, haiingii hekaluni. Suruali fupi pia haziingii.

Epukeni siku za mwezi mwandamo zinazoitwa Aadi Amavasai (Julai au Agosti), Mahalaya Amavasai (Septemba au Oktoba) na Thai Amavasai (Januari au Februari), pamoja na Maha Shivaratri. Ni siku zenye fadhila kubwa kwa Wahindu, lakini umati wake si wa mama wa miaka 68. Asubuhi ya siku ya kawaida katikati ya wiki ndiyo bora.

Kwa nini hekalu moja lina linga mbili, na kwa nini iliyochelewa kufika ndiyo inayosaliwa kwanza?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Kisa chenyewe ndicho jibu. Rama, shujaa wa utenzi wa Ramayana anayeabudiwa na Wahindu, baada ya kumuua Ravana, mfalme wa Lanka aliyemteka mkewe Sita, alirudi bara akiwa na mzigo moyoni: Ravana alikuwa dhalimu, lakini alikuwa Bramini, mtu wa tabaka la makuhani, kwa nasaba, na kumuua Bramini ni dhambi nzito. Wahenga wakamshauri amwabudu Shiva papo hapo ufuoni. Hanuman, nyani mtumishi wa Rama, akatumwa Kailash, milima ya kaskazini kabisa, alete linga. Saa njema ya ibada ikakaribia na Hanuman haonekani. Sita akaketi, akafinyanga linga kwa mchanga wa pwani, na ibada ikafanyika.

Hanuman akarejea na linga lake la jiwe, akakuta mambo yamekwisha. Aliumia. Rama akamwambia aling'oe lile la mchanga aweke la kwake. Hanuman akalizungushia mkia, akavuta kwa nguvu zake zote, halikutikisika. Hapo Rama akatoa hukumu ambayo hekalu linaifuata hadi leo: linga la Hanuman, Vishwalingam, liwekwe kando na lisaliwe kwanza, kisha ndipo lifuate Ramalingam, lile la Sita. Aliyetumwa mbali na kuchelewa bila kosa lake alilipwa heshima ya kutangulia. Ukiingia na kuhani akakuelekeza upande ule kabla ya huu, sababu ni hiyo.

Ramalingam ni mojawapo ya Jyotirlinga, yaani linga tukufu zaidi za Shiva, 12 za India nzima, na ndilo la kusini kuliko yote. Rameswaram pia ni moja ya vituo vinne vya hija kuu, Char Dham, pamoja na Badrinath kaskazini, Puri mashariki na Dwarka magharibi. Familia nyingi za Kigujarati za Afrika Mashariki zinaijua Dwarka kwa kuwa iko kwao. Rameswaram ndiyo inayowataka wavuke India nzima.

Nimesoma kwamba visima viko hatua chache kutoka baharini na maji yake si ya chumvi. Ni muujiza au kuna maelezo?
*Msomaji, Zanzibar*

Maelezo yapo, na mtu wa visiwani ana haki ya kuyajua vizuri. Kisiwa cha Pamban ni mchanga uliolala juu ya mawe ya chokaa na matumbawe. Mvua ikinyesha haitiririki, inazama. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari: lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo 1, ya bahari karibu kilo 1.025. Tofauti hiyo ndogo inatosha kufanya maji matamu yaelee juu ya ya chumvi chini ya ardhi, yakiwa yametuna katikati ya kisiwa na kukonda pembeni. Kanuni inayotumiwa na wapimaji ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake.

Kwa hiyo kisima kifupi kwenye mchanga hutoa maji mazuri, na kisima kirefu cha pampu palepale hutoa chumvi. Ukivuta mita 1 kutoka juu, chumvi inapanda mita 40 kutoka chini, na ikishapanda haishuki upesi. Ndoo na kamba za hekaluni, pamoja na uzee wake wote, zinavuta kidogo kidogo na kuyaacha maji yajirudishe. Mji wa Lamu umeishi kwa maji ya namna hiyohiyo kutoka kwenye matuta ya mchanga ya Shela, na ndiyo maana watu wa Lamu wanapinga kujengwa juu yake.

Kama utafika, kilomita chache kutoka mjini kuna Villoondi Theertham, ambapo maji matamu huchotwa kwenye kisima kilichozungukwa na bahari. Inasimuliwa kwamba Rama alichoma mshale pale Sita aliposhikwa na kiu. Sehemu zote hazilingani, visima vingine vina ladha ya chumvi kidogo, hasa mvua zikikosekana.

Ile korido ndefu ina urefu gani na nani aliijenga?
*Msomaji, Tanga*

Korido ya nje, ya tatu kutoka ndani, ina nguzo 1,212. Korido zote za hekalu, za ndani na za nje, zikijumlishwa zina urefu wa kama kilomita 1.2, na dari ya hii ya nje iko karibu mita 7 juu ya sakafu. Hakuna hekalu la Kihindu lenye korido ndefu kuliko hii. Nguzo zimesimama juu ya jukwaa lililoinuka pande mbili za njia, na ukisimama pembeni kabisa ukatazama upande mmoja, nguzo zinaonekana kusongana hadi zinakutana.

Waliojenga ni watawala wa Ramnad walioitwa Sethupathi, yaani mabwana wa Sethu, daraja la Rama la kuvukia Lanka. Mwanzoni mwa karne ya 17 mfalme wa Madurai aliukabidhi ukoo huo njia ya kwenda Rameswaram, kwa sababu mahujaji walikuwa wakiporwa njiani. Kazi ya kulinda barabara ikawa ufalme. Kila mmoja aliongeza sehemu, na korido hii kubwa ilikamilishwa na Muthuramalinga Sethupathi katika karne ya 18. Kumbuka wapi walijenga: kisiwani hakuna machimbo ya mawe magumu wala daraja halikuwapo bado. Mawe yalivushwa kwa vyombo kutoka bara.

Mimi ni Mwislamu, nitapita huko kikazi. Nitaruhusiwa kuingia hekaluni? Na kuna lolote la Waislamu kwenye mji huo?
*Msomaji, Muscat*

Korido unaweza kuitembea, ukiwa na mavazi ya heshima na bila viatu. Patakatifu penyewe ni pa Wahindu tu. Usibishane mlangoni, walinzi hawakutunga sheria hiyo.

Ama la Waislamu, lipo tele. Pwani hiyo yote imekaliwa na Waislamu wa Kitamil, mabaharia, wafanyabiashara na wapiga mbizi wa lulu na kome, kwa karne nyingi. A. P. J. Abdul Kalam, mhandisi wa makombora aliyekuwa rais wa India kuanzia 2002 hadi 2007, alizaliwa Rameswaram tarehe 15 Oktoba 1931. Baba yake alikuwa imamu, na alikuwa na chombo cha kuvusha mahujaji wa Kihindu kati ya Rameswaram na Dhanushkodi. Rafiki yake mkubwa baba huyo alikuwa kuhani mkuu wa hekalu. Nyumba yao iko Mosque Street, sasa ni makumbusho. Kalam alifariki 27 Julai 2015 na kuzikwa Pei Karumbu, kandokando ya mji, na jengo la kumbukumbu lilifunguliwa hapo 2017.

Karibu na stesheni ya reli kuna dargah, yaani mahali pa ziara, ya makaburi mawili marefu kupita kiasi, ambayo wenyeji wanasema ni ya Habili na Kabili, wana wa Nabii Adam. Masimulizi hayo yanashikamana na mengine: kwamba Adam aliteremshwa Serendib, yaani Sri Lanka, akavuka kwenda bara kwa kupita mlolongo wa mafungu ya mchanga baharini. Ndiyo maana ramani nyingi zinaliita daraja la Adam lile ambalo Wahindu wanaliita la Rama. Ukiwa na gari, fika pia Ervadi, upande wa bara wa wilaya hiyohiyo, kwenye kaburi la Sultan Syed Ibrahim Shaheed, panapozuriwa na Waislamu na Wahindu pia.

Je, mawe yanayoelea ni ya kweli?
*Msomaji, Nairobi*

Yanaelea kweli. Katika mahekalu madogo ya Rameswaram utaonyeshwa jiwe kwenye beseni la maji na kuambiwa ni la daraja lililojengwa na Nala, Nila na jeshi la nyani. Jiwe la volkano lililotoka kama povu, au kipande cha tumbawe chenye matundu mengi, hubeba hewa ndani, na hewa ndiyo inayoliinua. Tumbawe likikaa sana majini matundu hujaa nalo likazama. Usinunue mitaani. Matumbawe ya Ghuba ya Mannar yanalindwa kisheria, na forodha wanaweza kukunyang'anya na kukushitaki.

Kisa cha daraja ninachokipenda ni cha kindi. Nyani wanabeba majabali. Kindi anajiloweka, anagaagaa mchangani, kisha anakimbia kujikung'uta kwenye nyufa za mawe ili zizibike. Nyani wakamcheka. Rama akamwinua akampitishia vidole mgongoni. Kindi wa India Kusini, utamwona kwenye kila mti wa Rameswaram, ana mistari mitatu myeupe mgongoni.

Nini hasa kilitokea Dhanushkodi, na leo mtu anaweza kufika?
*Msomaji, Mtwara*

Dhanushkodi ulikuwa mji kwenye ncha ya kisiwa, na kwa miaka 50 ulikuwa mlango wa kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo. Daraja la reli la Pamban lilifunguliwa Februari 1914, na tangu hapo abiria alipanda treni Madras, Chennai ya leo, akashuka Dhanushkodi bandarini, akaingia kwenye meli hadi Talaimannar, kisha treni nyingine hadi Colombo. Palikuwa na stesheni, forodha, posta, kanisa, shule na nyumba za wavuvi, vyote juu ya ulimi wa mchanga wenye bahari kulia na kushoto.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Desemba 1964 kimbunga kiliupiga. Treni namba 653 kutoka Pamban ilikuwa inakaribia kufika, ishara ya reli ikiwa imezimika gizani. Wimbi lilipita juu ya mchanga na kuifagia na watu zaidi ya 100 waliokuwamo, hakusalimika hata mmoja. Waliokufa katika kimbunga hicho kwa jumla wanakadiriwa kufika 1,800. Serikali iliutangaza mji kuwa haufai kukaliwa na watu.

Daraja la Pamban nalo liling'olewa vipande vyake vingi, lakini sehemu ya katikati inayofunguka kupitisha meli ilibaki imesimama. Mhandisi kijana, E. Sreedharan, alilirudisha kazini kwa siku 46. Aliagiza baadhi ya vyuma vilivyozama viopolewe na kutumiwa tena badala ya kungoja vipya. Daraja hilo lilifanya kazi hadi Desemba 2022. Jipya lililofunguliwa Aprili 2025 lina kipande cha mita 72.5 kinachopanda wima mita 17 kwa umeme; kwenye la zamani, watu walikuwa wakizungusha mitambo kwa mikono.

Kufika leo ni rahisi. Barabara ya lami inakwenda mpaka Arichalmunai, ncha ya mwisho, kama kilomita 20 kutoka mjini, na mabasi yapo. Njiani kuna hekalu la Kothandaramaswamy, linalosemwa kuwa mahali Vibhishana, ndugu yake Ravana, alipojisalimisha kwa Rama. Lenyewe lilinusurika 1964. Utaona kuta za kanisa zilizojengwa kwa matumbawe, magofu ya stesheni na tangi la maji. Nenda asubuhi, jioni polisi huwarudisha watu. Na usioge kwenye ncha. Ghuba ya Palk na Ghuba ya Mannar zinakutana pale, mkondo mmoja unavuta kulia na mwingine kushoto, na fungu la mchanga unalolikanyaga leo huenda mwezi ujao halipo. Oktoba hadi Desemba ndiyo miezi ya mvua na vimbunga upande huo, wakati upepo wa kaskazi unapoanza. Januari hadi Machi ni shwari.

Baba amesema hija ya Kashi haitimii bila Rameswaram. Utaratibu ni upi?
*Msomaji, Leicester*

Baba amesema kweli: Kashi, yaani Varanasi, mji mtakatifu wa kaskazini kando ya mto Ganga, huunganishwa na Rameswaram, na utaratibu wake unaanzia kusini. Mnachukua mchanga Rameswaram, mnaufanyia ibada, mnaupeleka kaskazini hadi Prayag (Prayagraj) na kuutia penye makutano ya mito ya Ganga na Yamuna. Mnachota maji ya Ganga, mnazuru Kashi, kisha mnarudi Rameswaram kuyamimina juu ya Ramalingam. Mchanga ni kidogo, gao moja linatosha; ufungeni kwenye kitambaa kilichokauka, la sivyo unyevu huuozesha mfuko kabla ya Prayag. Wengi huanzia Kashi kwa sababu ndege ni rahisi, wakamaliza Rameswaram. Inakubalika, ila mchanga unakosa safari yake. Maji yachukueni kwenye chombo cha shaba kilichofungwa kwa lehemu, kinauzwa tayari Kashi. Kiwekeni kwenye mzigo wa chini ya ndege, maana mkononi hupitishi zaidi ya mililita 100 katika safari za kimataifa. Hekaluni mnakata tiketi ya ibada hiyo asubuhi, na anayeyamimina ni kuhani, si nyinyi.